Kelele haina nambari ya faili

Hotuba hii, juu ya kuilalamikia ofisi ya umma kwa maandishi, niliitoa kwa wafanyabiashara wa sokoni na wakaazi wa Manyatta na Nyalenda, hapa Kisumu. Wengi mliomba maandishi kwa sababu mlikuwa kazini au mvua iliwazuia. Haya hapa, kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, akina mama, vijana wa bodaboda mlioegesha pikipiki hapo nje na bado mnazichungulia dirishani, hamjambo? Oyawore. Na nyinyi mliotoka upande wa Vihiga na Kakamega, mulembe.

Nina swali. Ni nani hapa ana jambo na kaunti? Jambo lolote: leseni, kibanda, taka zilizolala wiki nzima mlangoni, dawa ambazo hazipo zahanati, taa ya barabarani iliyozimika tangu mwaka jana. Inueni mikono. Naam, karibu ukumbi mzima. Teremsheni. Sasa, ni nani ana jambo hilo kwenye karatasi? Karatasi yenye tarehe, iliyopigwa muhuri na ofisi iliyoipokea?

Naona mkono mmoja kule nyuma, na wa mzee hapa mbele. Basi.

Ningeweza kukaa chini sasa hivi, maana hotuba yangu ndiyo hiyo. Lakini mmeninywesha chai na mandazi nimekula, kwa hivyo acha niifanyie kazi.

Wengi mnanijua kama msaidizi wa kisheria. Wachache wanajua kwamba kabla ya ugatuzi nilikuwa karani wa masijala katika halmashauri moja ya mji huku magharibi. Sitaitaja, na hata hivyo halmashauri zote zilikufa 2013 kaunti zilipoingia. Masijala ni kile chumba cha mafaili, chenye vumbi, ambacho mwananchi hupita mlangoni akienda kumtafuta mkubwa. Mkubwa hayuko, yuko mkutanoni. Mwananchi anarudi nyumbani. Hajui kwamba chumba alichokipita ndicho alichokuwa akikitafuta.

Pale masijala kulikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada gumu, rejista ya barua zinazoingia. Ukurasa umechorwa mistari: tarehe ya kupokelewa, tarehe ya barua, imetoka kwa nani, inahusu nini, iko kwenye faili gani, amekabidhiwa nani. Hapo penye "amekabidhiwa nani" ndipo penye mambo. Afisa akiletewa barua anatia sahihi, na akishatia sahihi barua ni yake. Mkaguzi akija baada ya miezi sita akauliza, "Hii ilijibiwa?", jina lililoandikwa pale ni lake, si la gavana, si la karani. Nimewaona watu wakubwa wakikwepa kutia sahihi. Anakuambia, "Iache kwanza, nitaipitia." Kwa nini akwepe karatasi moja ya muuza mitumba? Mjiulize.

Na mwananchi aliyekuja kupiga kelele kaunta tulimfanyia nini? Tulimpa kiti. Tulimpa pole. Wakati mwingine tulimpa maji. Akaondoka ametulia, hana kitu mkononi, na sisi hatuna kitu kwenye rejista. Siku hiyo, kwa hesabu za serikali, hakuna aliyelalamika. Kelele haina nambari ya faili.

Leo kelele imehamia kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu anapiga picha ya mtaro ulioziba, anaandika "Viongozi wetu mko wapi?", wenzake mia wanaweka vikatuni vya kulia, na kesho mtaro uko vilevile. Picha ni nzuri, ihifadhi. Lakini picha hiyo imepokelewa na nani? Ofisi gani? Tarehe gani?

Kwa hivyo la kwanza ni kuandika, tena kwa namna ambayo karani hawezi kuitupa barua yako. Juu weka jina lako, nambari ya simu na tarehe. Kisha cheo cha unayemwandikia: Katibu wa Kaunti, au Afisa Mkuu wa idara inayohusika. Cheo, jamani, msiandike jina la mtu. Watu huhamishwa, cheo hubaki. Halafu mstari wa KUH, yaani "kuhusu". Usiandike "KUH: Dhuluma". Andika "KUH: Kibanda nambari hii, ada iliyolipwa tarehe hii, risiti nambari hii". Hapo mtu wa masijala anajua aifungulie faili gani, na afisa hawezi kusema hakuelewa.

Chini yake eleza kilichotokea, lini, wapi, na nani alikuwa zamu kama unamjua. Sema umeshafanya nini. Mwisho sema unataka nini. Hilo la mwisho watu hulisahau! Nimesoma barua za kurasa nne zinazoanzia uhuru wa 1963, zinapita kwa kila gavana, zinamtaja Mungu mara kumi, na zinaisha bila kuomba chochote. Afisa akiisoma anasema, "Huyu ana uchungu," anaifungia kwenye faili. Unataka kurudishiwa pesa? Andika. Unataka kibanda? Andika. Unataka tu uelezwe kwa nini ulikatazwa? Andika hivyo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi kama uamuzi wa ofisi umekuumiza au unaelekea kukuumiza.

Na Kiswahili kinatosha. Ni lugha rasmi ya nchi hii kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba, sawa na Kiingereza. Usimlipe mtu wa saiba shilingi mia tatu akuandikie Kiingereza ambacho hata wewe hutaweza kukitetea ukiulizwa.

Toa nakala. Nenda na zote mbili. Ya kwao waichukue, ya kwako waipige muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikuambia, "Wacha tu hapo mezani mama," usiiache. Simama hapo. Mwambie kwa upole, "Dada, naomba muhuri kwenye nakala yangu." Usigombane naye, hana kosa, ameambiwa. Akikataa kabisa, itume kwa rejista ya posta au kwa baruapepe ya ofisi, na utunze ushahidi wa kutuma.

Tumeelewana hapo? Haya.

La pili ni mlango. Nchi hii ina serikali mbili kwa mwananchi mmoja, na ukibisha mlango usio wako utazungushwa mpaka viatu viishe. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti ina hospitali zake na zahanati, barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho, masoko, leseni za biashara, uzoaji taka, maji, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Kitambulisho pia. Barabara kubwa zina mashirika yake ya kitaifa, kwa hivyo kabla hujaandika kuhusu shimo, uliza kwanza barabara ni ya nani. Na chifu? Chifu ni wa serikali ya kitaifa, msimamizi wa wadi ni wa kaunti. Wote wawili huitisha baraza, wote huketi mbele kwenye mazishi, lakini mabosi wao ni tofauti. Kumlalamikia chifu kwa sababu taka hazikuzolewa ni kama kumuuliza dereva wa matatu ya Kakamega kwa nini ya Busia imechelewa.

Kuna mzee mmoja wa kutoka upande wa Butere aliyekuja kwangu na mfuko wa karatasi za tangu zamani. Kipande cha shamba lake kilikuwa kimeingizwa kwenye njia ya kwenda sokoni, na hakulipwa. Alitaka nimpeleke kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko juu ya ofisi za umma. Nikapekua karatasi, nikakuta kesi iko mahakamani, ina wakili, ina tarehe ya kutajwa tena. Nikamwambia, "Mzee, hii haitapokelewa." Sheria inaizuia Tume kuchunguza jambo lililo mbele ya mahakama. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hata wewe wamekufikia." Sikumlaumu. Mtu akishazungushwa miaka, kila "hapana" inanuka rushwa. Lakini ninawaambia hili mapema ili lisiwapate: kesi ikiwa kortini, endelea nayo kortini. Ugomvi wako na jirani juu ya mpaka si wa Tume, kwa sababu jirani si ofisi ya umma. Ukiombwa hongo, hilo ni la Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Kama ni polisi aliyekupiga, nenda kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi.

Na MCA wako? Mwakilishi wa wadi anakuwakilisha na anasimamia matumizi ya kaunti. Ana nafasi yake, na mna haki ya kupeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 imewapa. Ila kumpigia simu saa nne usiku hakuhesabiki kama ombi.

Sasa nifike pale ninapopapenda. Watu wengi hawawezi kulalamika vizuri kwa sababu hawajui kilichotendeka. Wanahisi tu. "Nahisi nilirukwa." Ofisi inajibu, "Hukurukwa," na mazungumzo yameisha. Unatoka vipi hapo? Unaomba habari.

Kulikuwa na mama muuza omena katika kaunti moja ya huku kwetu. Soko la zamani lilibomolewa ili kujengwa jipya, na kabla ya kubomoa wakaandikisha wafanyabiashara wote, jina na nambari ya kitambulisho. Wakaahidiwa kwamba walioandikishwa ndio watakaopewa kwanza. Soko likaisha, orodha ikabandikwa, jina lake halipo. Akaenda ofisini. "Njoo Jumatatu." Jumatatu mtambo umelala. Alhamisi afisa yuko semina. Mnaujua wimbo huo.

Tulipokaa naye, hatukuandika lalamiko. Tuliandika ombi la habari, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: naomba orodha ya walioandikishwa kabla ya kubomoa, naomba vigezo vilivyotumika kugawa, naomba kumbukumbu za kikao kilichogawa. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kuomba ni bure, utalipia tu gharama ya kutoa nakala. Asiyeweza kuandika kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, ofisi yenyewe ina wajibu wa kumwandikia ombi lake. Sikiliza hapo vizuri: wao ndio wakuandikie.

Jibu la kwanza alilopewa, la mdomo, lilikuwa kwamba hayo ni mambo ya ndani ya ofisi. Akarudi na nakala yake yenye muhuri, akaiweka mezani, akasema anangoja maandishi. Na ukikataliwa au ukinyamaziwa, sheria hiyohiyo inakuruhusu kwenda kwa Tume kuomba uamuzi ule upitiwe upya, ndani ya siku 30. Hakufika huko. Orodha ilitoka. Tukaisoma pamoja kwenye benchi nje ya ofisi, kidole chake kikishuka polepole kwenye safu ya nambari za vitambulisho. Kidole kikasimama. Nambari ilikuwa yake. Jina lililo mbele yake lilikuwa la mtu mwingine.

Kuna aliyesema "nahisi" tena? Lalamiko la siku ile lilikuwa na mistari mitatu. Kibanda alipewa, ingawa ni kile cha nyuma karibu na vyoo, na mpaka leo analalamika juu ya hicho. Ana haki. Nimemwambia aandike.

Sasa Tume yenyewe. Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaiita ofisi ya Ombudsman. Wazo hili ni la zamani. Uswidi walikuwa nayo 1809. Jirani zetu Tanzania walianzisha tume yao ya kudumu ya uchunguzi 1966, wakiwa wa kwanza Afrika. Kenya je? Tume ya Ndegwa, iliyochunguza utumishi wa umma, ilipendekeza mwaka 1971 tuwe na ofisi kama hiyo, na pendekezo likalala. Kamati ya Kudumu ya Malalamiko ya Umma ilikuja 2007. Piga hesabu: miaka 36. Hata pendekezo la kuanzisha ofisi ya kushughulikia ucheleweshaji lilicheleweshwa! Ilibidi ije Katiba ya 2010, kifungu cha 59, na sheria ya 2011, ndipo tukapata Tume kamili. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Otiende Amollo, ambaye wengi wenu mnamjua zaidi kwa siasa za Rarieda. Wito wao ni "Hata mnyonge ana haki".

Inasikiliza nini? Kucheleweshwa, kutojibiwa, kuonewa, upendeleo, matumizi mabaya ya mamlaka, uzembe. Na ukosefu wa adabu. Ndiyo, sheria imetaja hilo. Afisa aliyekutupia karatasi zako chini mbele ya watu ametenda jambo ambalo Tume inaweza kulichunguza. Na haichagui kati ya serikali hizi mbili, ya kitaifa na ya kaunti zote inazigusa, pamoja na mashirika yao.

Hakuna ada. Unaweza kwenda na barua, unaweza kwenda na mdomo wako ukaandikiwa. Wana ofisi hapa Kisumu, na madawati katika baadhi ya vituo vya Huduma. Mtu akikuomba pesa ya "kufungua faili", huyo anakuibia. Lakini watakuuliza swali moja: ulianza kwa ofisi yenyewe? Walisema nini? Hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapofanya kazi. Asiyekuwa nayo huambiwa arudi aanze huko.

Wakipokea, kwa kawaida huiandikia ofisi iliyolalamikiwa na kuitaka ijibu. Wanaweza kusuluhisha. Wanaweza kuita watu na kudai hati, sheria imewapa uwezo huo.

Hapa lazima niwe mkweli, maana wako wanaowauzia watu matumaini. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mapendekezo ya Tume hayaifungi ofisi ya umma kama amri ya mahakama inavyofunga. Ofisi ikipuuza, Tume inaweza kuiripoti Bungeni. Sikuipenda hukumu hiyo na bado siipendi, lakini ndiyo sheria. Kwa hivyo ukienda ukitarajia mtu atoke ofisini na pingu, utavunjika moyo.

Basi kuna faida gani? Niwape kisa cha kijana aliyefagia barabara za mji mmoja kwa kibarua cha miezi, malipo hayakuja. Aliandika kwa ofisi, kimya. Aliandika tena, kimya. Akapeleka nakala zake mbili kwa Tume, Tume ikaandika. Ofisi ikajibu, kwa sababu kuinyamazia Tume ni jambo jingine. Jibu lilikuwa la kujitetea sana: bajeti, mabadiliko ya mfumo, majina yaliyoachwa nje ya orodha ya malipo. Ila katikati ya kujitetea waliandika kwamba ni kweli alifanya kazi na ni kweli hakulipwa. Kabla ya barua hiyo walikuwa wakimwambia hawamjui. Alilipwa sehemu. Sehemu iliyobaki, barua ileile ya kukiri deni ndiyo aliyoibeba kwa wakili. Tume haikumpa pesa. Ilimpa karatasi ambayo peke yake asingeipata.

Mama mmoja ameninong'oneza tukinywa chai: "Mwanangu, wakijua ni mimi, kibanda kitaenda." Nimemjibu kwamba hofu yake ina msingi, na sitasimama hapa nikawadanganya kwamba hakuna kisasi. Najua pia humu ndani kuna watu wa kaunti, karibuni sana, na nyinyi mna malalamiko yenu juu ya mishahara. Nilichomwambia mama ni hiki. Usiende peke yako. Chama chenu cha sokoni kinaweza kuandika kwa jina la chama. Mtu anaweza kulalamika kwa niaba ya mwingine, au kwa niaba ya kundi, au kwa manufaa ya umma. Nakala zako zisilale kibandani, ziweke kwa binti yako au kwa mwekahazina. Na ukitishwa baada ya kuandika, andika hilo nalo, tarehe na maneno yaliyotumika, liingie kwenye faili ileile.

Nimeongea vya kutosha. Meza zile za pembeni zina karatasi na kalamu, na mashine ya kutoa nakala iko duka la mkabala, wametupunguzia bei. Wenye risiti za leseni wakae upande wa dirisha, wenye mambo ya vibanda upande wa mlango, wa maji na taka hapa mbele kwangu. Vijana mliomaliza kidato cha nne, kila mmoja akae na mzee mmoja, amwandikie anavyosema yeye mwenyewe, bila kumpambia maneno. Yule mzee mwenye karatasi ya muhuri, naomba tuanze na yako, maana naona tarehe yake ni ya Februari na hujaniambia kama walijibu.